Gloriose na Mishale Isiyoridhika

Gloriose Nzohabonayo alikuwa mtoto wa wakimbizi wa Burundi, amekulia Baraka, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, na huko huko akawa mwalimu wa fizikia. Alipokwenda Bukavu kusoma zaidi, alichagua mada ya memwari, tasnifu ya kumalizia masomo, ambayo mamake, Renilde, alishindwa kuielewa.

"Mama, waza sumaku ndogo kama mishale, imepangwa pembetatu pembetatu," alimweleza. "Kila mushale unataka kupa mwenzake mugongo. Miwili ikipeana mugongo, wa tatu utageukia wapi?"

"Utakosa amani," mama alisema.

"Ndiyo. Basi yote inalegeza kidogo: kila moja inageuka theluthi ya duara. Ao kwa kuume, ao kwa kushoto."

Hapo ndipo lilipokuwa swali lake. Ukiongeza joto, mishale huacha kusikilizana, na ule mpangilio wa kuume na kushoto nao huvunjika. Je, kusikilizana na mpangilio, vyote viwili huvunjika kwenye joto moja, au kimoja hutangulia?

Vita vilipofika Bukavu alirudi Baraka na kompyuta yake, ambayo betri yake ilikuwa imekufa. Bila waya wa umeme ilizimika papo hapo. Mahmudu, aliyechaji simu za watu kwa plake za jua na betri za lori, alimpa nafasi dukani kwake.

Ndani ya kompyuta aliigiza mishale hiyo ikiwa imepangwa kama wavu. Kwenye wavu mdogo, vyote viwili vilionekana kuvunjika pamoja. Alipoupanua, vikaachana kwa unywele. Wavu mkubwa zaidi tu ndio ungeweza kukata shauri, lakini hesabu ilikuwa ikijikokota: joto linapokaribia pale pa kuvunjika, mshale mmoja ukigeuka, hata ya mbali hutikisika, na mpangilio mpya hukawia mno kutulia.

Profesa Bonaventure, msimamizi wa memwari yake, alimpigia simu. "Andika kama vinavunjika pamoja. Jury yenye itakupa alama haipendi muntu wa kusema sijui."

"Prof, wavu mukubwa bado unatembea. Munivumilie."

Asubuhi moja risasi zikasikika upande wa barabara ya Fizi. Watu wakateremka ziwani na magodoro kichwani. Renilde aliingia dukani akihema.

"Zima hiyo mashini, tuende! Bantu bote banapanda mitumbwi."

"Ngoja kidogo tu, mama. Nikizima mbele hesabu iishe, kazi yote inapotea."

Renilde akaketi sakafuni. "Basi na mi nabaki. Babako alisema vile vile. Tulikuwa tunakimbia, akarudi kufunga nyumba. Kidogo tu, alisema."

Gloriose hakuwahi kuambiwa kwamba ndivyo babake alivyopotea. Aliutazama uso wa mamake, kisha akauchomoa waya. Kioo kikawa cheusi. Akaifunga kompyuta ndani ya kitenge, wakavuka kwa mtumbwi hadi rasi ya Ubwari pamoja na Mahmudu.

Waliporudi, duka lilikuwa limevunjwa, plake na betri zimechukuliwa. Mahmudu akaanza kuokota nyaya zilizobaki. Gloriose akainama kumsaidia.

Akaandika memwari kwa alichokuwa nacho: kwamba wavu wake ni mdogo mno, na hawezi kusema kama mivunjiko ni miwili au mmoja. Aliitetea kwa simu, sauti ikikatika. Akapita, lakini kwa alama ya chini, na nafasi ya asistanti, mwalimu msaidizi wa chuo, aliyokuwa ameahidiwa akapewa mwanafunzi mwingine, Wilfried, ambaye jibu lake lilikuwa safi.

"Nilikuonya," Profesa alisema, bila ukali.

Siku nyingine Gloriose hujiambia kwamba aliandika kweli. Siku nyingine humkasirikia mamake kwa ule waya, kisha huona haya, akaenda kumtwangia mihogo bila kuombwa. Renilde hudhani ni mapenzi tu. Pengine ni mapenzi pia. Wiki hii risasi zimesikika tena, shule anakofundisha imefungwa, na mama ameshafunga vyombo.