Mtungi Juu ya Gunia la Sukari

Mitungi ya Verediana ilikuwa inavuja jasho. Ukiijaza maji jioni, asubuhi unakuta sakafu imelowa. Mama yake alifinyanga ya namna hiyohiyo na hakuna aliyelalamika, lakini siku zile ndoo za plastiki hazikuwepo.

"Shikamoo, Mama Deus," Bwanaheri, mwenye duka la sukari na ndoo pale Lipangalala, alimtania Verediana. "Leo umeleta mitungi au vichujio?"

"Marahaba. Nipe mwezi mmoja. Nitaweka mtungi umejaa maji juu ya gunia lako la sukari, kutwa nzima. Gunia likilowa, sifinyangi tena."

"Sukari yangu, mama?"

"Yako."

Watu walisikia. Kauli haikurudi.

Nyumbani alivunja mtungi wa zamani, akatazama ulipovunjikia. Chembe zilikuwa kubwa kama chenga za mchele, na kati yake matundu. Moto ulikuwa umeziunganisha kwenye ncha tu. Mapengo makubwa vile moto usingeweza kuyaziba. Miaka thelathini alikuwa akitwanga vigae vya kuchanganya na udongo, akivichekecha kwa chekeche la chenga, kama alivyofundishwa.

Sasa alitwanga hadi mikono ikafa ganzi, akachuja unga wake kwa kanga chakavu. Udongo wa mto Lumemo akaukoroga majini, mchanga ukatuama, akachota uji wa juu tu, akauchanganya na ule unga. Mtungi wa kwanza aliuanika juani, ukapasuka kabla hata ya kuchomwa. Udongo laini hunywea sana, hautaki haraka. Wa pili akaukausha kivulini siku kumi na mbili, akauchoma kwa pumba za mpunga.

Ulitoka umepungua upana wa vidole viwili, mgumu, sauti yake kama ya kengele.

"Moto umeukondesha," alicheka Bwanaheri siku alipoletewa mtungi dukani.

"Kilichopungua ni matundu. Chembe zikiwa ndogo zinashikana kila upande, nafasi inakwisha."

Tangu asubuhi mtungi ulikaa juu ya gunia, umejaa maji. Wateja walinunua vitu vyao, wasiondoke. Verediana aliketi kwenye benchi akimuwaza mama yake, fundi ambaye hakuna aliyewahi kumwekea shindano.

Jioni Bwanaheri aliunyanyua mwenyewe. Akapitisha kiganja chini ya mtungi, kisha juu ya gunia, kisha akakitazama kiganja.

"Pakavu," alisema.

Akaziburuta ndoo zake za plastiki hadi pembeni mwa kibaraza. "Mitungi yako itakaa hapa mbele, Mama Deus. Lete mingine."