Mkono wa Kushoto Unyooke

Nilirudi Biharamulo na stashahada ya kilimo, ya pekee katika tarafa nzima, na sikurithishwa na mtu. Huko ng'ambo nilikosomea, kila Jumamosi niliwabebea wacheza gofu mifuko yao ya fimbo ili nipate chakula, na kwa kuwatazama tu nikajua kupiga kuliko wengi wao.

Wakati wa vita vya Kagera vijana wengi wa kijiji chetu cha ujamaa, kule Bisibo, walikuwa mstari wa mbele. Tuliobaki tulifyeka shamba la kijiji. Nilikuwa nimepeleka posa kwa mzee mmoja pale, lakini cheti changu hakutaka hata kukishika.

"Mwanangu haolewi na karatasi," alisema. "Nitakutazama siku ya kazi."

Siku hiyo wenzangu walifyeka kwa mkono mmoja, wameinama, viwiko vimekunjwa kama watu wanaojikuna. Niliwaonea huruma. Nikasimama mbele yao, nikashika fyekeo kwa mikono miwili kama fimbo ya gofu.

"Mkono wa kushoto unyooke kama mpini! Kiwiko cha kulia kigande ubavuni! Kiuno kianze, mikono ifuate!"

"Bwana Shamba," mzee akaita, "huo wa kushoto uliwahi kuvunjika?"

"Hapana, baba. Ni utaalamu."

"Haya, tangulia na utaalamu wako. Tutakukuta."

Pigo la kwanza lilirusha majani hadi kwenye safu ya akina mama, wakanipigia vigelegele. La pili lilikutana na kichuguu kilichojificha nyasini. Mkono uliokunjwa humaliza mshtuko kiwikoni. Wangu, kwa jinsi ulivyonyooka, uliufikisha kwenye meno.

Sikuacha. Nilifyeka mpaka adhuhuri mkono ukiwa umenyooka vilevile, maana sasa haukukubali tena kukunjika.

Mzee akaja kukagua. Wenzangu walikuwa wamefika mwisho wa shamba.

"Umefyeka pa kutosha kitanda," akasema. "Lakini tangu asubuhi unaumia, na bado hukubali kwamba umekosea. Mtu mbishi hivi hawezi kumwacha mwanangu, hata wagombane vipi. Walete wazee wako."

Mzee yule hakuwahi kuingia darasani, lakini utaalamu aliutambua. Wenzangu walifyeka eneo kubwa, sikatai. Hakuna hata mmoja aliyepewa mke siku ile.