Mabati ya Jiko la Hawe

Mwezi uliopita nilikwenda Kakuyuni kumwona shangazi. Nikashuka njia ya kisimani kama zamani, nikakuta kinu cha upepo hakipo. Miguu yake minne ya chuma imekatwa karibu na ardhi, na kisima kimejaa taka. Shangazi aliniambia aliyekiuza kinu kama chuma chakavu ni mwenyekiti wa kamati ya maji, mtu wa rika langu niliyecheza naye utotoni. Hasira iliyonishika, rafiki yangu, ninayo mpaka sasa.

Tulipokuwa wadogo, upepo wa kusi uliyapinda na kuyang'oa mapanga ya kinu kile, yale yanayozunguka juu ndipo maji yapande. Kamati ikasema tungoje wafadhili waliokijenga. Tukangoja. Huku tukingoja, sisi wasichana tuliteka maji mto Sabaki, mpaka mamba akamkamata mama mmoja jirani mguu. Aliokoka, lakini hakutembea sawasawa tena.

Jioni ile hawe, yaani bibi yangu, hakula. Asubuhi aliegemeza ngazi kwenye jiko lake akaanza kung'oa mabati ya paa, na wakati huo wenye mabati kijijini walikuwa wachache. Babu akamwuliza anafanya nini.

"Nimechoka kungoja," akamjibu, akaendelea kung'oa.

Fundi aliyekuwa akitutengenezea ndoo alilaza panga la zamani juu ya bati, akalichora kwa mkaa, akakata kwa mkasi wake mkubwa. Sisi watoto tuliyagonga juu ya gogo la mnazi ili yapinde, na mwenyekiti wa leo akiwa mmoja wetu. Masikio yalivuma kutwa. Mchana tulikula sima na mutsunga, ile mboga chungu, vidole vimefungwa vitambaa kwa kukatwa na bati. Mapanga ya kwanza yalikuwa bapa mno. Yalipofungwa juu, upepo ukayapita tu. Fundi akayashusha yote, tukayapinda zaidi. Safari hii yakazunguka. Maji yakatoka mekundu kwa kutu, kisha yakatakata, na hawe akamwita yule mama wa mguu ateke kwanza.

Masika yalimkuta jikoni bila paa. Alipika amejifunika gunia, akipuliza kuni mbichi na kuitukana kamati. Mabati yake sikumsikia akiyajutia hata siku moja.

Basi nilimwendea mwenyekiti nyumbani kwake. Akasema kinu kilikuwa cha kizamani, na siku hizi watu wana mifereji. Mfereji wenyewe nilikuwa nimeufungua kwa shangazi asubuhi hiyo, ukatoa hewa. Shangazi hununua maji ya mkokoteni, na siku mkokoteni usipopita haogi.

"Yale yalikuwa mabati ya hawe," nikamwambia. "Uliyagonga kwa mkono wako."

"Dada, yalikuwa mabovu," akasema. "Tena hayakuwa na mwenyewe."

Hawe yuko kaburini, fundi naye kafa, na waliokunywa maji yale utotoni sasa wanapanga foleni ya madumu bila kumwuliza mtu neno. Hilo ndilo linaloniuma kuliko chuma chenyewe. Mwenyekiti akaagiza niletewe kiti na chai. Sikukaa. Nikageuka nikaondoka bila kuaga, jambo ambalo kwetu ni tusi, nami nilikusudia alisikie.