Bima ya kazi nisiyokuwa nayo

Mama shikamoo! Shemeji Hamisi, dada Rehema na mapacha wako, hamjambo? Sisi huku Tottenham wazima, ila leo nimegombana na benki.

Mnakumbuka ule mkopo niliochukua nikiwa na mimba ya Neema wangu? Kumbe walinibandikia na bima: nikifukuzwa kazi, inanilipia.

Kazi gani jamani? Nilikuwa nyumbani natapika!

Nilisaini kwa sababu yule dada wa benki alinikaribisha vizuri, nikaona aibu kumkatalia.

Leo nikaenda kudai changu. Kijana wa kaunta ananiambia, "Lakini madam, bima ilikuwa inakulinda."

Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, "Mwanangu, mwenye upara unamuuzia kitana?"

Foleni nzima kicheko! Mbio mbio nikaitwa ofisini, nikapewa chai, rangi yake kama maji ya kusuuzia vikombe. Meneja akakiri walikosea, watanirudishia.

Natoka, kijana yuleyule ananifungulia mlango: "Madam, na simu yako ina bima?"

Wallahi nilimkatalia mchana kweupe 😂

Dada Rehema, na wewe una mkopo. Kawaulize wamekubandikia nini, unijibu upesi. Na chai yao usinywe.