Nilimwozesha Marehemu Baba Mke wa Nansio

Ndugu zangu, mimi ndiye niliyemwozesha baba yangu mke wa pili, tena akiwa na miezi saba kaburini. Kosa ni langu, simsingizii shetani. Shetani hana kamera.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, deki za video zimeingia Mwanza na kila mwenye shati safi anajiita msanii. Mimi nilikuwa na kikundi cha maigizo pale Igogo. Baba alipofariki niliumia sana, ila kulia mbele za watu nilishindwa. Nikaona nitengeneze picha ya video ya maisha yake, watu walie kwa niaba yangu.

Baba alikuwa mchuuzi wa machungwa. Kila wiki alipanda meli kwenda Nansio, kule kisiwani, akarudi na magunia. Mpole, mtu wa kanisa, mke mmoja. Sasa picha ya mtu mpole nani ataitazama?

Nikakumbuka msibani. Mtani wetu, fundi cherehani mmoja asiyejua kunyamaza, alivaa koti la marehemu akaigiza alivyokuwa akitembea, na alivyokuwa akikohoa kabla ya kuomba chai. Akapanda juu ya ndoo akatangaza kwamba jeneza lisubiri kidogo, mke mdogo wa Nansio kachelewa meli. Watu wakaangua kicheko, mama naye akacheka mpaka kanga ikamdondoka. Ndiyo kazi ya mtani, na neno lake huzikwa siku hiyohiyo.

Mimi nikalifukua.

Huyo mke mdogo nikamtungia habari zake, nikampa jina Sabina. Nikamchukua mtani yuleyule acheze baba, na lile koti nikalichomoa sandukuni kwa mama bila kumwuliza. Tukavaa suruali za bugaluu tuonekane watu wa zamani, mpiga picha za harusi akaturekodi ufukweni, wimbi likaondoka na wigi la Sabina tukaendelea hivyohivyo. Mimi nilipenda hasa pale baba anapomlisha Sabina chungwa na kumwambia kwamba Igogo anapewa ugali, utamu uko huku.

Siku ya kuionyesha tulijaza kibanda cha video. Mama nilimkalisha mbele kabisa, kwenye kiti chenye mto. Watu walicheka, watu walilia, makofi yalipigwa mpaka nikajiona mkubwa. Mama hakulia. Alilitazama lile koti, kisha akalitazama lile chungwa.

Nje nikamwuliza ameionaje.

"Kumbe ndiyo maana meli ilikuwa inaharibika kila Ijumaa, akalala hukohuko," akasema.

Nikaapa kwamba ni utani tu, maneno ya msibani yale.

"Msibani alisema mtani," akanijibu. "Hapa umesema wewe. Wewe ni mtani wa baba yako?"

Miaka thelathini ya ndoa ya watu nimeitia doa kwa ajili ya makofi!

Jumatatu mama akapanda meli na picha ya baba kwenye pochi, anakwenda kumtafuta Sabina. Nilitaka kumfuata, akanikataza. Alikaa huko siku tatu. Aliporudi alikaa, akaomba maji, akanywa yote.

"Nimemwona. Ana watoto wanne, wa mwisho masikio ni yako kabisa. Wanakuja Jumamosi, utawapa chumba chako."

Jamani! Kumbe nilitunga jambo la kweli? Nikahamia jikoni, nikaazima magodoro matatu, nikaenda kumweleza shangazi, nikachinja majogoo wawili. Jumamosi nikasimama bandarini nimenyanyua kipande cha boksi nilichoandika KARIBU MAMA MDOGO, wabeba mizigo wananitazama. Meli ikashusha watu, ikashusha mbuzi, ikashusha machungwa. Sabina hakushuka.

Nilimkuta mama mlangoni kavaa koti la baba. Akakohoa, kikohozi kilekile cha kabla ya kuomba chai.

"Mke mdogo kachelewa meli," akasema.

Akacheka. Tangu siku ya mazishi sikuwa nimemsikia akicheka. Alicheka mpaka akakaa chini, kicheko kikageuka kilio, akalia akimwita baba kwa jina lake la ujana. Nami nikakaa pembeni yake nikalia, bila kamera.

Baadaye akanieleza yaliyompata Nansio. Alizunguka soko zima. Hakuna aliyemjua Sabina, ila wauza machungwa wote walimjua yeye, jina lake na ugali wake, maana baba aliwachosha kwa habari za mke wake wa Igogo. Na meli ilikuwa inaharibika kweli.

Nanyi wenzangu mnaofiwa, mkitaka kulia, lieni. Ya mtani mwachieni mtani. Mimi kanda nimeifuta, mama amenisamehe, magodoro nimerudisha. Lakini shangazi, hata nimweleze vipi, kila tukikutana ananiuliza wale watoto wanne wanasoma wapi.