Ukuta wa Baba Uliotoa Tumbo

Nilisogeza kabati la marehemu baba, nikakuta ukuta umetoa tumbo.

Sitanii. Kabati lilikuwa kwenye chumba kilichochimbwa chini ya nyumba, na ukuta wake wa nyuma ulikuwa umefura kuja ndani kama mtu aliyeshiba.

Mnunuzi wa nyumba alikuwa anakuja kesho yake. Mimi ni mtoto wa pekee, naishi mbali, na baba nilikuwa nimemzika miezi miwili nyuma. Nilitaka niuze, nifunge mlango, nisirudi tena. Nyumba yenyewe ukikohoa inakujibu. Upweke ulikuwa unanitafuna, niseme ukweli.

Nikampigia fundi, mzee aliyekuwa rafiki wa baba.

"Fundi, njoo na mbao tuufunike ukuta. Tupige rangi, mambo yaishe."

Akaja bila mbao. Alikuwa na kamba na futi ya kupimia tu.

"Ukuta haufunikwi kabla haujapimwa," akasema. "Kamata huku."

Ncha moja akaifunga kwenye nondo ya dirisha. Nyingine nikaishika mimi kwenye kona, ikanyooka mbele ya lile tumbo. Akapima nafasi iliyobaki kati ya kamba na ukuta.

"Sentimita tisa. Nafasi ikipungua, ujue ukuta unasogea. Sasa soma hapo."

Ukutani palikuwa na namba za penseli, mwandiko wa baba, kila moja na mwaka wake. Kumi na mbili. Kumi na moja. Tisa. Halafu tisa, tisa, tisa, mpaka mwaka huu.

"Mimi na baba yako tulichimba mfereji huko nje, maji ya mvua yakaacha kuusukuma," fundi akasema. "Umetulia, huu mwaka wa sita."

Nikazisoma tena zile namba. Kwa sababu kila mwaka baba alikuwa ananipigia simu.

"Mwanangu, ukuta unasogea. Njoo unishikie kamba."

Na mimi jibu langu lilikuwa lilelile. "Baba, niko bize. Tafuta fundi."

"Sasa mbona alikuwa ananiambia unasogea?" nikamuuliza fundi.

Akaanza kukunja kamba yake taratibu.

"Angekuambia umetulia, ungekuja?"

Kisha nikauliza, "Nani alikuwa anamshikia?"

Akanionyesha kwa kidole. Pale pale kwenye kona, karibu na mkono wangu, palikuwa na msumari mrefu. Kipande cha kamba ya zamani kilikuwa bado kimefungwa hapo.

"Mbona hukuutumia leo?"

"Nilitaka ushike wewe," akasema, akapanda ngazi akaniacha.

Nililia mtu mzima mimi, nimekaa sakafuni.

Kesho yake mnunuzi akaja, mama mmoja nesi mstaafu. Sikufunika kitu. Nikamshusha chini, nikamweleza yote kuhusu ule ukuta, mfereji na vipimo. Akasoma zile namba moja moja.

"Mzee alikuwa makini. Nyumba naichukua, ila hizi namba usizifute." Akanigeukia. "Bila shaka wewe ndiye ulikuwa unamsaidia kupima."

"Hapana, mama," nikasema. "Alisaidiwa na msumari."

Ndugu yangu unayesoma hapa, tunaambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa wangu niliuziba kwa simu. Mzazi akikuambia ukuta unasogea, usimtafutie fundi. Nenda ukamshikie kamba.