Mbio za Kiu

Maji yaliyolala ndani ya mtungi wa plastiki yana harufu yake, na harufu ya mitungi ya nyumbani kwetu niliijua kuliko ya nguo zangu mwenyewe. Mitungi ya baba ilikuwa ya manjano. Ilianza maisha yake ikibeba mafuta ya kupikia, na hata ungeisugua kwa mchanga na majivu mwaka mzima, mafuta yale hayakukubali kuhama kabisa. Baba alikuwa muuza maji wa Kisumu Ndogo, hapa Malindi. Aliifunga mitungi kwenye baiskeli kwa mipira iliyokatwa kutoka kwa tyubu kuukuu, akapita vichochoroni akipiga kengele, na wateja wakimlalamikia kwamba chai yao inanukia chapati. Yeye alicheka tu. Usiku mitungi ililala ndani pamoja nasi, kando ya mkeka wangu, isije ikaibwa, kwa hiyo asubuhi pua yangu iliamka kabla ya macho. Nikiinusa harufu hiyo leo, mahali popote, miguu yangu hutaka kukimbia na moyo wangu hutaka kukaa chini.

Wazazi wangu walikuja kutoka bara, upande wa ziwa, kama majirani zetu wengi, na kilichowafanya wajione wenyeji wa pwani ni kanisa. Lilikuwa la mabati matupu, ambayo ikifika saa nne yalipata moto hata wanaopenda kuomba kwa kirefu wakajikuta wamefupisha. Baba alikuwa mzee wa kanisa, cheo alichokivaa kwa fahari kuliko shati lake la Jumapili. Lakini aliyetuteka sisi watoto alikuwa Mwinjilisti Zablon, mtu mrefu, mkavu, aliyekimbia sana ujanani huko kwao milimani na ambaye hakuona kwa nini aache kwa sababu ameokoka. Alitufundisha imani kwa miguu. Jumamosi alfajiri alitukusanya nje ya kanisa, akatutoa Kisumu Ndogo kabla jua halijakasirika, tukafuata barabara ya kaskazini hadi daraja la Sabaki na kurudi. Alisema kuvuta pumzi ni kupokea na kuitoa ni kushukuru, kwa hiyo anayekimbia anaomba hata akiwa hana maneno. Alisema Mtume Paulo hakuufananisha wokovu na mwendo kwa kukosa mfano mwingine. Wazee wa mjini, waliokaa barazani na kahawa zao, walitutania kwamba haraka haraka haina baraka, naye akawajibu kwamba baraka nyingine ukizifuata kwa kutembea unazikuta zimeshachukuliwa. Mimi nilimpenda. Siku moja aliniambia, "Akinyi, Mungu amekupa mapafu ya kuomba," na kwa mtoto ambaye hakuna aliyewahi kumwambia amepewa kitu chochote, maneno hayo yalikuwa chakula cha mwaka.

Niliyekimbia naye bega kwa bega alikuwa Kadzo. Kwao kulikuwa Ganze, mahali ambapo msichana anaweza kumaliza utoto wake wote njiani, akienda kutafuta maji na kurudi nayo, na mama yake alimleta kwa shangazi yake, nyumba ya tatu kutoka kwetu, ili angalau asome. Alikuwa mcheshi, mwembamba, na kila alipopita kwetu kutoka shuleni baba alimmiminia kikombe cha maji bila kumdai. Mwaka huo masika yalikataa. Mahindi ya kwao yalikauka yakiwa hayajafika magotini, baba yake akaanza kuchoma makaa, na habari zikaja kwamba mvua isiponyesha Kadzo atarudi nyumbani, kwa maana mikono ya kubeba ndoo haikutosha. Wengine waliiombea Ganze. Mimi nilimwombea Kadzo abaki.

Ndipo Mwinjilisti alipotangaza Mbio za Kiu. Tutakimbia, alisema, kutoka tawi dogo la kanisa letu lililoko Ganze hadi ukingo wa mto Sabaki, na hakuna atakayetia tone la maji mdomoni mpaka tufike. Tutaombaje mvua kwa ajili ya wenye kiu, hali matumbo yetu yamejaa maji? Kristo mwenyewe aliona kiu msalabani. Mtoni tutapiga magoti, tutateka maji kwa viganja, teko la kwanza tutalimwaga ardhini kumrudishia Bwana, kisha tutakunywa pamoja, kiongozi akiwa wa mwisho. Kanisa zima lililia. Sikuwahi kusikia wazo zuri kama lile, na mpaka leo sijui kama nimesikia jingine. Jirani yetu Bi Zuhura, ambaye watu wake walitoka Lamu na ambaye hakukosa saumu hata moja, alinisikia nikimsimulia mama. "Hata sisi tunaofunga, mwanangu," akasema, "mtoto na msafiri wana ruhusa. Nanyi ni vyote viwili." Mama alimshukuru kwa adabu. Mimi nilimwonea huruma kwa kukosa imani yetu, kana kwamba imani ni mahali pa kumpita mtu.

Siku yenyewe wakubwa walianza alfajiri huko Ganze. Sisi watoto tulipelekwa kwa lori hadi shule moja ya msingi iliyoko njiani, tuwasubiri, kisha tukimbie nao kipande cha mwisho. Walipotokea, wengi walikuwa wakijikokota, midomo imepauka kama waliolamba unga. Mwinjilisti peke yake alikuwa akikimbia, tena akiimba. Tulimtazama tukasema hiyo ndiyo imani. Nyuma ya wote alikuja baba na baiskeli yake, amebeba gunia la nguo za kubadilisha baada ya mto. Tukaingia barabarani, vumbi jekundu likipanda hadi kwenye meno, vichaka vya miiba pande zote visivyo na jani la kumsitiri hata mjusi. Kila baada ya muda Mwinjilisti alibaki nyuma kuwaombea waliochoka, kisha akatupita tena kwa hatua nyepesi, na kila alipotupita mimi nilipata nguvu mpya. Nilivuta pumzi nikipokea, nikaitoa nikishukuru. Nilikuwa na furaha. Nalisema hilo kwa sababu nisiposema, mtu hataelewa nilichonyang'anywa.

Kadzo alikuwa ameacha kunitania. Nilimtazama, nikaona hana jasho. Ngozi yake ilikuwa kavu, na nilipomshika mkono ulikuwa na moto kama sufuria. Aliuliza, "Akinyi, mto uko wapi?" Nikamwambia uko karibu. Akapiga hatua kadhaa kando, akaelekea kwenye miiba kana kwamba ndiko kwao, akaanguka. Tulimzunguka. Mwinjilisti akaja kutoka nyuma, akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya kipaji cha uso wake, akaanza kukemea mauti. Mimi nilikuwa nimekishika kichwa cha Kadzo, kwa hiyo kifua cha Mwinjilisti kilikuwa mbele ya uso wangu, na shati lake lilikuwa limelowa kuanzia ukosi. Nilidhani ni jasho. Lakini tone lilinidondokea shavuni likateleza hadi mdomoni, nalo lilikuwa la baridi, halina chumvi, na lilinukia chapati. Nilinusa nyumbani kwetu.

Niligeuka nikamtazama baba. Alikuwa amesimama na baiskeli, mkono mmoja juu ya gunia la nguo kama mtu anayemzuia kuku asiruke. Shuleni tulifundishwa methali, kikulacho ki nguoni mwako, nikaijibu kwenye mtihani na kupewa alama; siku hiyo niliiona imefungwa kwa mpira wa tyubu. "Baba," nikasema, "mpe Kadzo maji." Waliokuwepo walidhani jua limenipanda kichwani. Baba alimtazama Mwinjilisti. Mwinjilisti hakufumbua macho. "Bado hatujafika mtoni," akasema, kwa sauti ile ile ya maombi. Na baba yangu, ambaye hakuwahi kumpita mwenye kiu bila kumpa kikombe, aliinamisha uso akatazama tairi lake la mbele.

Aliyemwokoa Kadzo ni mama mmoja wa kule kule, Mgiriama aliyekuwa akirudi kutoka bwawani na ndoo kichwani. Aliitua, akatusukuma kando, akamlowesha Kadzo kichwa na kifua, akamtia maji mdomoni kidogo kidogo kwa kiganja. Mmoja wetu akamweleza kwamba tumefunga maji kwa ajili ya watu wa Ganze. Yule mama hakuinua sauti. "Sisi maji twayatafuta," akasema, "hatuyakatai." Aliendelea kumwagia mpaka Kadzo akafungua macho, na ndoo ilipokwisha akajitwika ikiwa tupu, akarudi alikotoka. Hakuna aliyemuuliza jina. Kadzo alichukuliwa na lori hadi hospitali. Sisi wengine tulifika mtoni, tukapiga magoti mbali kidogo na maji kwa kuogopa mamba, tukamwaga teko la kwanza, na Mwinjilisti akanywa wa mwisho kama alivyoahidi. Wanawake walilia kumwona alivyojizuia.

Jumapili alitoa ushuhuda. Alisimulia jinsi binti alivyokuwa amekwenda, na jinsi alivyoitwa akarudi kwa nguvu ya maombi. Katika simulizi hiyo hapakuwa na mama wala ndoo. Kanisa likasema amina, na sauti ya baba ndiyo niliyoitambua kwanza. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wanasema, na huyu alisifiwa hata maji yenyewe akayatia uongo. Kisha mvua ikanyesha. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ilinyesha siku nyingi, Ganze na Malindi, ikapiga mabati ya kanisa hata mahubiri yasisikike, na kila mtu akajua ni kwa sababu ya Mbio za Kiu. Aisifuye mvua imemnyea, nami ilininyea kwelikweli, lakini sikuweza kuisifu. Kadzo alitoka hospitali akapelekwa kwao moja kwa moja. Baba yake alisema hatamrudisha kwa watu wanaokimbiza watoto juani. Mvua niliyoiomba ili abaki ilikuja yeye akiwa ameshakwenda.

Nilimngoja baba hadi alipokuwa akisugua mitungi. "Ulikuwa na maji," nikamwambia. Nilitaka akane. Ningemwamini, nilikuwa tayari kabisa kumwamini. Hakukana. "Kiongozi akianguka," akasema, "watu watashika nini?" Nikamuuliza, "Na mimi je?" Alinitazama kwa mapenzi, nalijua jicho lake, halikuwa na hila. "Wewe nilijua utafika," akasema. Alikusudia kunisifu. Nimepewa sifa nyingi baada ya hapo, na hakuna iliyowahi kuniacha peke yangu namna ile.

Mwinjilisti alihamishwa kwenda kanisa kubwa zaidi, kama wanavyohamishwa. Mimi sikuacha kukimbia wala kuamini. Nilijaribu kuviacha vyote viwili, vikakataa kuniacha. Kadzo tulikutana ukubwani sokoni Malindi, akiuza mahindi, mama wa watoto, mcheshi vilevile. Aliniuliza kama baba hajambo. "Yule mzee alikuwa akinipa maji bure," akasema. Nikajibu kwamba hajambo.

Siku hizi Jumamosi alfajiri natoka na wasichana wa kanisa letu kwa barabara ile ile, ambayo sasa ina magari na nyumba mpya hadi karibu na daraja. Wana viatu vizuri, wana saa zinazowahesabia mapigo ya moyo, na kila mmoja ana chupa yake. Wangecheka wakisikia kwamba zamani kiu ilikuwa sala. Nawafundisha pumzi, kupokea na kushukuru, kwa maana hilo lilikuwa kweli hata kama aliyelisema hakuwa mkweli. Baba amezeeka, ameacha biashara, lakini ameubakiza mtungi mmoja. Hujikongoja nao hadi kando ya daraja la Sabaki, hukaa juu ya jiwe, akawamiminia wasichana maji kwa kikombe. Wanampenda. Wanamwita babu, wanamtania kwamba maji yake yananukia chapati.

Mimi hufika nyuma yao, nikiwa wa mwisho. Namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, kisha ananyoosha kikombe. "Kunywa, mwanangu." Kila Jumamosi nasema leo nitakipokea. Kila Jumamosi harufu inanifikia kabla ya kikombe, na ninasikia mdomo wangu ukijibu, "Bado sijafika mtoni, baba." Naye huyamwaga maji yale polepole mchangani, akafunika mtungi.